Fangasi katika Damu ya Mgonjwa wa Saratani: Hoja ya Maabara Isiyosikilizwa

Mgonjwa wa saratani ya damu anayelazwa Mombasa kwa homa, wiki moja au mbili baada ya dozi ya kemo (dawa za kuua saratani), huanzishiwa antibiotiki kali mara moja, na juu ya hilo hakuna ubishi. Ubishi huja siku ya nne au ya tano, homa ikiwa haijashuka na chembe nyeupe za kinga (neutrofili) zikiwa bado chini ya 500 katika kila maikrolita ya damu, kwa sababu hapo ndipo fangasi huanza kushukiwa. Wako madaktari wanaosema aongezewe dawa ya fangasi basi, na wako wanaosema dawa aongezewe, lakini damu yake ioteshwe, yaani iwekwe kwenye chupa zenye lishe ili vimelea vikue, na kinachoota kitambuliwe kwa jina. Hawa wa pili huonekana watu wa vitabuni, wanaodai anasa ya maabara mahali ambapo mgonjwa ametoka Hola, mji wa Tana River, kwa basi akiwa tayari amechelewa.

Hoja ya wale wa kwanza ina uzito. Fangasi kama Trichosporon, Rhodotorula na Fusarium ni adimu hata katika wodi kubwa za saratani duniani. Kifurushi cha saratani cha SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali ya Kenya, kilianza kwa shilingi 400,000 kwa kaya kwa mwaka, na 150,000 nyingine kutoka mfuko wa magonjwa sugu na dharura. Familia inayozihesabu dozi zilizobaki haitafurahia kipimo cha kitu adimu. Isitoshe, kuotesha damu hukosa takriban nusu ya maambukizi ya Candida, kundi la fangasi linaloonekana zaidi katika damu, yaliyozama mwilini.

Takwimu wanayoitegemea zaidi, hata hivyo, nadhani husomwa nusu tu. Utafiti wa Marekani wa 2006, uliohusu wagonjwa 230 waliokuwa na Candida katika damu, ulionyesha kwamba walioanzishiwa flukonazo, dawa ya fangasi, siku ileile walifariki kwa asilimia 15. Walioanza siku iliyofuata, asilimia 24. Siku ya pili, asilimia 37. Na siku ya tatu au baadaye, asilimia 41. Hitimisho la haraka ni kwamba tusingoje maabara. Lakini siku hizo zinahesabiwa kuanzia lini? Zinahesabiwa tangu damu ilipochukuliwa kwa ajili ya kuoteshwa, maana yake ni kwamba kila mmoja wa wagonjwa hao alijulikana kuwa na fangasi kwa sababu tu damu yake iliingia kwenye chupa. Na zaidi ya hapo, saa hiyo ya kuhesabia husimama pale dawa inapoanza, kana kwamba dawa yoyote ni dawa. Mgonjwa mwenye fangasi asiyesikia flukonazo, aliyeanzishiwa flukonazo siku ileile, kwenye faili yuko katika kundi la asilimia 15. Mwilini mwake hajaanza matibabu. Anayesisitiza haraka bila kuuliza ni haraka ya dawa gani ameisimamisha saa mapema mno.

Jambo hili si la kinadharia. Candida krusei ana usugu wa asili dhidi ya flukonazo, na Rhodotorula pia haisikii. Daktari akikimbilia kaspofungini, dawa ya fangasi ya kundi jingine, ambayo kwa Candida wengi ni dawa bora, atakuta Trichosporon haijali dawa za kundi hilo kabisa. Amfoterisini B ya kawaida, kimbilio la tangu miaka ya 1950, hudhuru figo na kushusha potasiamu, kwa hiyo haifai kutolewa kwa kubahatisha kwa mtu ambaye kemo imekwisha kumchosha. Naye Candida auris, aliyeelezwa mara ya kwanza Japani mwaka 2009 na ambaye mara nyingi hukataa flukonazo, si mgeni tena nchini: katika hospitali moja ya Nairobi, kati ya 2010 na 2016, alikuwa asilimia 38 ya visa vya Candida katika damu. Mashine nyingi za wakati huo zilimwandika kwa jina la jamaa yake, Candida haemulonii. Huenea kwa mikono na vitanda, hivyo asipotambuliwa kwa mgonjwa mmoja, wa kitanda cha pili naye yumo hatarini.

Nakubali kwamba mashine ya kisasa ya kutambua vimelea ni ghali. Sidhani, hata hivyo, kwamba mjadala ni wa mashine hiyo. Kumwekea fangasi majimaji ya damu kwenye joto la nyuzi 37 kwa saa mbili au tatu hutosha kuonyesha kama pengine ni Candida albicans, na sahani za kuoteshea zinazobadilisha rangi hutofautisha spishi kadhaa ndani ya siku mbili. Kinachokosekana mara nyingi ni cha chini zaidi ya hapo: damu ya kutosha, mililita 40 hadi 60 kwa mtu mzima badala ya chupa moja iliyojaa nusu, ichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza ya dawa ya fangasi, na mtu wa maabara apige simu wodini mara tu anapoona chembe za fangasi kwenye darubini, asingoje ripoti ichapwe. Simu hiyo peke yake ni sababu ya kuuchunguza mpira wa kupitishia dawa ulio kwenye mshipa mkubwa na, inapowezekana, kuutoa. Spishi zisizotambulika hapa zinaweza kupelekwa Nairobi huku mgonjwa akiendelea na dawa aliyoanzishiwa, na jibu likirudi baada ya siku tano bado litamkuta katikati ya matibabu, kwa kuwa Candida wa damuni hutibiwa kwa siku 14 tangu damu iliposafika.