Ripoti moja ingetutosha

Kumbe jimbo la Colorado, Marekani, tangu 2023 mwenye nyumba, isipokuwa wachache, lazima apokee ripoti ya kumchunguza mpangaji uliyojilipia mwenyewe, mradi si ya zamani, na hapo hakutozi ada ya maombi ya kupanga! Mwaka jana hapa Aurora mimi na mke wangu tulilipa mara nne, dola 45 kila kichwa, ili wachunguze mambo yale yale: mshahara, madeni, rekodi ya polisi. Nyumba ya tatu walitukataa kabla hatujafika kituo cha basi. Risiti bado ninazo kwenye droo ya vijiko. California nayo ina sheria yake, ila mwenye nyumba akitaka anaikataa ripoti. Sasa hiyo inamsaidia nani? Ndugu mnaohama mwezi huu, ulizeni kabla hamjatoa kadi ya kulipia.