Johannes Anyuru na swali la nani aaminiwe

Riwaya iliyompatia Johannes Anyuru Tuzo ya August, tuzo kubwa ya fasihi ya Sweden, mwaka 2017, De kommer att drunkna i sina mödrars tårar, inaichora Sweden ya baadaye ambamo Waislamu wanaokataa kutia saini mkataba wa uraia wanatengwa katika mtaa wa peke yao. Mtu anayekumbuka kwamba nchi hiyo ilipokea maombi ya hifadhi zaidi ya 160,000 mwaka 2015 pekee ana haki ya kuuliza kama mwandishi, mzaliwa wa mji wa Borås nchini humo mwenye mama Mswidi na baba Mganda, hakuitendea ukali uliopita kiasi. Hoja hiyo ina uzito, maana riwaya haisemi mengi kuhusu namna raia wa kawaida walivyofika hapo. Wanaomtetea kwa kutaja asilimia 20.5 ya kura walizopata Wademokrasia wa Sweden, chama kinachopinga uhamiaji, mwaka 2022 wanamgeuza mpiga ramli, na sidhani kama wanamsaidia.

Wote wanapaswa kuanzia En storm kom från paradiset, riwaya ya mwaka 2012 iliyotokana na maisha ya baba yake. P, kama anavyoitwa humo, anasomea urubani wa ndege za kivita Ugiriki wakati Idi Amin anapotwaa madaraka Januari 1971. Kwa kuhofia kurudi nyumbani, anakubali kazi ya kunyunyizia mashamba dawa kwa ndege nchini Zambia, na safari hiyo inamtumbukiza mikononi mwa wahoji wa Tanzania. Tanzania ya wakati huo ilikuwa imempa Milton Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, hifadhi na haikumtambua Amin, hivyo rubani wa jeshi la Uganda aliyeiacha Ulaya kwa hiari alikuwa na kila dalili ya ujasusi. Anaulizwa tena na tena kwa nini amerudi Afrika. Jibu lake, kwamba alitaka kurusha ndege tu, halimwingii mtu akilini. Na hii ni nchi iliyosifika, kwa haki kabisa, kwa kuwapokea wapigania uhuru.

Kwa hiyo mtaa ule wa Sweden haukuzuliwa kwa chuki. Ni mwendelezo wa chumba kile cha mahojiano. Tena Anyuru hawapendelei Waislamu wenzake. Riwaya ya 2017 inafunguka kwa shambulio la kigaidi la vijana wa Kiislamu katika duka la vitabu vya katuni mjini Göteborg. Msichana mmoja miongoni mwao anadai ametoka wakati ujao, na mwandishi Mwislamu anayemtembelea hospitalini alikofungiwa anasoma maelezo yake, anayapima, na kuhangaika kama amwamini: yaani Anyuru amemkalisha mtu anayefanana naye mwenyewe katika kiti cha waliomhoji P.