Mwenye hospitali na mwenye kupanga bei

Mabishano kuhusu afya ya umma na ya binafsi huishia palepale: huyu anataja foleni za Uingereza, yule anamjibu kwa bili za Marekani. Wote wana hoja. Ila nadhani wanabishania kitu kisicho chenyewe.

NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, ilianza tarehe 5 Julai 1948, Aneurin Bevan akiwa waziri, kwa ahadi kwamba mgonjwa hataulizwa pesa mlangoni. Kodi ndiyo inayolipa. Ahadi hiyo ingali hai, kilichoadimika ni nafasi. England imejiwekea lengo la wiki 18 tangu mgonjwa apewe rufaa hadi aanze matibabu, na kwa miaka kadhaa sasa limewashinda. Mwaka 2022 orodha ya matibabu yanayosubiriwa ilivuka milioni 7. Mwenye nyonga iliyosagika hafi kwa kusubiri. Analalia ubavu mmoja, anapanda ngazi kwa kushika ukuta, mwishowe anaacha kazi. Hiyo nayo ni gharama, ingawa haiandikwi kwenye bili yoyote, na watetezi wa mfumo wa umma huiruka haraka mno.

Marekani, mwenye bima nzuri humwona bingwa upesi, na dawa mpya nyingi huanzia huko. Si jambo dogo. Lakini nchi hiyo inatumia takriban asilimia 17 ya pato lake kwa afya, kuliko taifa lolote tajiri, na bado watu wake hawaishi miaka mingi kama Wajapani au Wafaransa. (Bunduki, ajali na unene vimo humo, tusizitwishe hospitali lawama zote.)

Kinachoudhi zaidi ni bili yenyewe ilivyo. Hadi mwisho wa 2021 mtu aliweza kuchagua hospitali inayopokea bima yake, akapasuliwa na daktari anayeipokea, kisha akaletewa deni na daktari wa usingizi asiyeipokea, mtu aliyemwona akiwa amelala chali, dakika chache kabla hajapotewa na fahamu. Sheria iliyoanza Januari 2022 iliziba tundu hilo, hata kwa wanaobebwa na helikopta. Gari la wagonjwa la barabarani likaachwa nje.

Sasa tazama Japani. Hospitali zake nyingi ni za binafsi, ila bei ya kila kipimo na kila kushonwa kidonda hupangwa na serikali na kupitiwa upya kila miaka miwili. Bima kwa wote imekuwapo tangu 1961. Watu wengi hulipa asilimia 30 ya bei hiyo, tena kwa kikomo cha mwezi. Na huko Uingereza kwenyewe, kliniki nyingi za madaktari wa familia ni biashara za madaktari hao, zenye mkataba na NHS.

Kwa hiyo swali la hospitali ni ya nani halitupeleki mbali. La kuuliza ni nani anapanga bei, na je, mtu amelipa akiwa mzima au atalipa akiwa tayari kitandani. Hapo mimi niko upande wa Japani, pamoja na adha yake: bei zikiwa ndogo, daktari hulazimika kuona wagonjwa wengi, na Wajapani wenyewe hulalamika kwamba hospitali kubwa ni kusubiri saa 3 ili kutibiwa dakika 3. Saa 3 nitazivumilia kuliko wiki 18.