Nia ipo, matumizi hayapo: wanafunzi wa vyuo vikuu na masomo ya mtandaoni

Mwaka 1989 mtafiti Fred Davis alieleza kwamba mtu huipokea teknolojia kwa kupima mambo mawili: itamfaa kiasi gani, na ni rahisi kiasi gani kuitumia. Mwaka 2003 Viswanath Venkatesh na wenzake, Davis akiwemo, walijumuisha pia msukumo wa watu wanaomzunguka mtumiaji na mazingira wezeshi, yaani vifaa na msaada wa kiufundi alio nao. Hojaji nyingi za vyuo vikuu zimejengwa juu ya nadharia hizo, lakini huuliza zaidi nia ya kutumia. Katika mfumo wa 2003, mazingira wezeshi hayapitii kwenye nia; yanagusa matumizi moja kwa moja. Ndiyo maana mwanafunzi anaweza kujaza "nakubali sana" kila mahali, kisha asifungue somo hata moja kwa sababu bando limekwisha.

Tupige hesabu. Sauti ya kilobiti 64 kwa sekunde hula takriban megabaiti 29 kwa saa. Video ya kilobiti 700, ambayo ni ya ubora wa kawaida tu, hula 315. Kozi ya saa 30 kwa video inapita gigabaiti 9. Kwa sauti haifiki hata 1. Mhadhara ambao video yake ni slaidi zilizosimama hauna sababu ya kumgharimu mwanafunzi mara kumi zaidi.

Wanaosema tatizo ni mtazamo, si gharama, nao wana hoja nzito. Hata penye Wi-Fi ya bure, jukwaa la chuo la masomo ya mtandaoni linaweza kubaki ghala la PDF. Mjadala usio na alama, ambao mhadhiri hajibu, hufa. Wanafunzi huhamia kwenye kundi la WhatsApp wanakojibiwa mapema. Hapo ninaona kosa kwa mhadhiri kuliko kwa wanafunzi, maana wamekwenda penye faida.

Je, wanafunzi walazimishwe kutumia jukwaa? Shuruti hupandisha haraka idadi ya wanaoingia kwenye mfumo, ingawa idadi hiyo hupima utii kuliko kujifunza. Hata hivyo nisingeitupa: utafiti ule wa 2003 ulionyesha kuwa msukumo wa wengine huwa na nguvu pale matumizi yanapokuwa ya lazima, hasa mwanzoni, na hufifia uzoefu ukikua. Shuruti ifanye kazi wiki za kwanza, basi.

Na wiki hizo ndizo zinazoharibiwa kizembe. Mwisho wa kuwasilisha kazi unawekwa saa 6 usiku, darasa zima linapakia dakika za mwisho, na kazi ya kurasa 20 zilizopigwa picha za megabaiti 3 kila moja inafika megabaiti 60 na kukataliwa. Hakuna fundi wa kupigiwa simu. Aliyepoteza alama hivyo hataamini mfumo hata akipewa semina. Wiki ya kwanza iwe na zoezi la kuwasilisha lisilo na alama; kurasa ziskaniwe kwa nyeusi na nyeupe, nukta 150 kwa inchi, ili faili liwe dogo; na mwisho uwe saa 10 jioni, mafundi wakiwa bado kazini.