Kiingereza ni kigeni kwa watoto wetu, tukifundishe hivyo

Wakati mmoja nilisahihisha insha ya msichana wa kidato cha kwanza hapa Kisumu, kuhusu mamake. Mama huyo huamka saa kumi alfajiri, hushuka hadi ufuo wa Dunga kungoja boti za omena, yaani dagaa, zirudi kutoka ziwani, huianika juani, kisha huiuza soko la Kibuye. Insha tamu, yenye jicho la mtu anayeona. Lakini tangu mwanzo hadi mwisho mama yule alikuwa "he". "My mother is hardworking. He wakes up at four." Nilihesabu: mara 11.

Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi na sikuitumia, kwa sababu kosa lile nalijua linakotoka. Kwa Kijaluo, "odhi chiro" ni mtu amekwenda sokoni, awe mwanamume au mwanamke. Kwa Kiswahili ni vilevile: yeye ni yeye. Binti huyu amekaa miaka 14 katika lugha ambazo hazijawahi kumuuliza jinsia ya mtu kabla ya kumtaja. Ninavyoona mimi, hakuwa mzembe. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba Kiingereza kinauliza.

Kesho yake niliwaambia darasani, kwa Kiswahili, watafute neno la yeye wa kike katika lugha zao. Wakanyamaza. Mvulana mmoja wa nyuma akasema, "Mwalimu, kumbe hayuko!" Tukatumia kipindi kizima hapo, tukilinganisha Kijaluo, Kiluhya, Kiswahili na Kiingereza ubaoni. Kengele ilipolia bado walikuwa wanabishana.

Nilikanywa kwa kipindi hicho. Niliambiwa kwamba somo la Kiingereza hufundishwa kwa Kiingereza pekee, na kwamba nikianza kufasiri nitawazoesha uvivu. Nimelifikiria neno hilo tangu siku hiyo, na sikubaliani nalo hata kidogo.

Sera yetu, tangu ripoti ya kamati ya elimu ya Gachathi ya mwaka 1976, husema mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake miaka mitatu ya kwanza, kisha Kiingereza kishike usukani kuanzia darasa la nne. Mjini shule nyingi hazingoji hata hiyo miaka mitatu. Kuanzia hapo tunamtendea mtoto kana kwamba alinyonya Kiingereza. Anakisikia wapi? Nyumbani Nyalenda ni Kijaluo, kwa jirani ni Kiluhya, kwenye matatu na dukani ni Kiswahili na Sheng. Kiingereza yuko nacho darasani na kwenye runinga ya mtu. Hiyo ni lugha ya kigeni. Aliyejifunza Kifaransa au Kijerumani anajua jinsi mwalimu alivyomshika mkono: hili kwenu mnalisema hivi, wao wanalisema vile. Kwa nini Kiingereza peke yake tukitupe kama mtu anayemtupa mtoto ziwani ili ajue kuogelea?

Chukueni sauti. Kiswahili kina irabu tano, na unachoandika ndicho unachosoma. Kiingereza kina sauti za irabu karibu 20 zilizobanwa katika herufi zilezile tano. Ndiyo maana "hat", "hut", "heart" na "hurt" hutoka vinywani mwetu kama neno moja. Mtoto wa Kijaluo ana mzigo mwingine, kwa sababu lugha yake haina "sh", na wenzake humcheka akisema "fis". Anayechekwa hufunga mdomo, na mdomo uliofungwa haujifunzi kitu. Nimeona watoto wenye akili wakimaliza miaka minne bila kuinua mkono hata mara moja.

Na mtihani wetu unawaruhusu wanyamaze. Katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, karatasi ya kwanza ya Kiingereza ina alama 30 kati ya 60 za stadi za kuzungumza, na zote huandikwa. Mwanafunzi huandika kwamba neno hili linatamkwa kama lile, wala hakuna sikio linalomsikia. Jambo hili huniuma kuliko mengine yote.

Sijasema Kiingereza kipunguzwe. Watoto hawa watakihitaji chuoni na kazini, na nataka wakijue kwelikweli. Nilisoma shule ya msingi upande wa Luanda, kule Vihiga, ambako kipande cha mbao tulichokiita diski kilipitishwa kwa kila aliyeteleza akasema Kiluhya. Aliyelala nacho alichapwa asubuhi. Tulichojifunza ni kunong'ona, na kuchunguzana kama maadui. Siku hizi diski haionekani sana, ila yale maandishi ya kukataza lugha ya mama bado yako ukutani katika shule nyingi, na mwalimu mchanga huyasoma kila siku akienda darasani.

Wengine wataniuliza, je, darasa lenye makabila matano? Hapo tuna Kiswahili, ambacho Katiba ya mwaka 2010 imekifanya lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Dakika tano za kueleza tofauti, kisha dakika 35 za Kiingereza kitupu, kwa mdomo, kwa sauti. Mimi hufanya hivyo sasa.

Yule binti nilimwomba aiandike upya insha yake. Alirudi Ijumaa akiwa na "she" kila palipohitajika, na swali jipya. Mvua ikitisha, mamake hukimbia kuanua omena. Alikuwa ameacha pengo kwenye daftari. "Mwalimu, kuanika nimepata. Kuanua ni nini kwa Kiingereza?" Nikalipeleka swali darasani. Walijaribu "remove", wakalikataa wenyewe kwa kuwa halina jua wala mvua ndani yake. Walijaribu "collect", wakasema hilo ni la madaftari. Mwishowe wakakubaliana kwamba Kiingereza hakina neno moja la hapo, itabidi yawe maneno manne au matano, na kila mmoja akainama kuyatafuta.