Mpira Uliofuta Magari Barabarani

Kwa wasioujua, mpira wa kuhesabia magari ni bomba jembamba jeusi linalolazwa kukatiza barabara. Mwisho mmoja unazibwa, mwingine unaingia kwenye kisanduku kilichofungwa mnyororo kwenye nguzo. Gurudumu likikanyaga, hewa inasukumwa, kisanduku kinaandika. Ukilaza mipira miwili kwa umbali wa mita moja kamili unapata na mwendo: gari la kilomita 50 kwa saa linakanyaga wa kwanza, na sekunde 0.072 baadaye linakanyaga wa pili. Mipira iwe na urefu sawa, la sivyo pumzi ya mmoja itachelewa na kila dereva ataonekana mwendawazimu. Na usije ukachanganya A, mpira wa kwanza, na B, wa pili, maana kwa hao kisanduku kinajua gari linaelekea wapi. Niliwahi kuichanganya, na kwa wiki nzima takwimu zikaonyesha mji wote unatoka kazini saa moja asubuhi.

Lakini hilo lilikuwa kosa dogo. Kosa lenyewe ni hili.

Upande wa kuingia mjini ulikuwa na njia mbili. Ile ya ndani, ya katikati ya barabara, tukaipaka rangi na kuandika BASI kwa herufi ndefu kuliko mimi. Magari madogo yakabakiwa na njia moja ya pembeni. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu kabla na baada, basi. Nikalaza mipira mita 120 kutoka kwenye taa za kuongozea magari, kwa sababu nguzo nzuri ya kufungia mnyororo ilikuwa hapo. (Ukitaka kujua makosa mengi ya kihandisi yanaanzia wapi, tafuta nguzo nzuri.)

Kabla ya rangi, kati ya saa moja na saa mbili asubuhi: magari 1,240. Baada ya rangi: 410.

Mtu mwenye akili zake angejiuliza. Mimi nilipiga mluzi.

Bosi alizibeba namba zile mkutanoni kama mtu aliyebeba mtoto wa kwanza. "Stockholm," akasema, "mwaka 2006 walifunga kamera, wakatoza magari yanayoingia na kutoka katikati ya mji, wakapunguza magari kwa kama asilimia 20. London walianza mwaka 2003 kwa pauni 5 kwa siku. Sisi tumepunguza theluthi mbili kwa ndoo za rangi!" Makofi. Nikainuka nusu, nikainamisha kichwa kama bwana harusi.

Nyuma kabisa kulikuwa na mjumbe mmoja mama, miwani imeshuka puani, anasoma kiambatisho. Hakuna mtu anayesoma kiambatisho. Mimi mwenyewe sikukisoma.

"Mhandisi, hapa mmeandika mabasi matatu kwa saa."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Kwenye njia ya mabasi."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Na malori ya ekseli nne, 96."

Barabara ile malori yamekatazwa mchana. Nikajibu kwa sauti ya mtaalamu: "Inawezekana yanapita kwa wizi, mheshimiwa."

"Malori 96 kwa saa, kwa wizi." Akavua miwani. "Sasa magari hakuna, mabasi hakuna. Hao watu wanaoingia mjini kila asubuhi, mnawarusha?"

Kesho yake saa kumi na mbili na nusu nilikuwa pale kwenye nguzo. Pembeni ana kibanda chake mzee mmoja fundi viatu. Nikamwamkia, akaitika, akaniangalia nikikagua kisanduku. Betri nzima, saa sahihi, vibano vimekaza. Mzee akasema taratibu, sindano mdomoni:

"Kijana, hiyo mashine yako haina ubovu. Imelaliwa."

Sikumwelewa mpaka ilipofika saa moja na dakika tano. Foleni kutoka kwenye taa ikaja inarudi nyuma, gari moja moja, ikafika kwenye nguzo, ikaupita mpira, ikaendelea. Gari jekundu likasimama, gurudumu la mbele juu ya mpira A. Likakaa. Dereva akawa anajichana nywele.

Hesabu yake ningeifanya mapema kwa kidole tu. Gari lililo kwenye foleni, pamoja na nafasi ya mbele yake, linachukua kama mita 7. Mita 120 zinabeba magari 17 kwa njia moja, 34 kwa njia mbili. Zamani foleni ya magari 34 iliishia palepale miguuni pa nguzo yangu. Ukiyapanga yaleyale 34 kwenye njia moja yanafika mita 238. Kwa hiyo rangi yetu haikufuta magari. Iliivuta foleni ikaja kuulalia mpira wangu.

Na mpira uliolaliwa hauhesabu. Gurudumu linalotambaa linasukuma hewa kwa unyonge, kisanduku hakisikii kitu. Lililosimama linaubana mpira ukawa kama koo lililokabwa: kisanduku kiko pembeni, mabasi yako njia ya ndani, kwa hiyo basi likikanyaga kule, pumzi inafika kwenye gari jekundu na kuishia hapo. Mpira B unasikia, A kimya, kisanduku kinaona pigo lisilo na mwenzake, kinalitupa. Ndiyo maana ya mabasi matatu. Hayo matatu yalipita dereva wa gari la pembeni akiwa ameachia breki kidogo.

Na malori? Kisanduku hakioni gari, kinahesabu ekseli na nafasi kati yake. Magari madogo mawili yakipita yamegusana pua na mkia, kinayaunganisha kuwa dude moja refu. Wezi wangu 96 walikuwa watu wanaopeleka watoto shule.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba jambo hili nilifundishwa darasani. Magari 600 kwa saa ni namba yenye mama wawili. Yanaweza kuwa magari 10 katika kila kilomita, yanakwenda kilomita 60 kwa saa. Yanaweza pia kuwa magari 100 katika kila kilomita, yanatambaa kilomita 6. Idadi ni ileile. Barabara moja tupu, nyingine imekufa. Bila kuangalia mwendo hujui umeletewa mtoto wa mama yupi. Na mwendo nilikuwa nao, safu ya nne ya jedwali. Nilikuwa nimeificha ili ripoti ienee kwenye ukurasa mmoja.

Basi nikaketi na mzee tuhesabu kwa mkono. Yeye mabasi, kwa mkaa juu ya kipande cha boksi, vijiti vinne na cha tano kinakatiza. Mimi magari, na vichwa vilivyomo. Ilipofika saa mbili na dakika tano: magari 870, yenye wastani wa mtu 1.3, yaani watu kama 1,130. Mabasi 38, nilikadiria watu 55 kwa kila basi, yaani 2,090. Ile njia ambayo madereva wote walikuwa wanaiangalia kwa uchungu kwamba iko tupu ilikuwa inabeba karibu mara mbili ya njia yao.

Nikafurahi mno. Mtu aliyefurahi asishike misumari.

Nilitaka kuihamishia mipira mita 350 kutoka kwenye taa, hapohapo. Utaratibu unasema ufunge njia kwa koni kwanza, ung'oe kuanzia katikati ya barabara, na kisanduku ukifungue mwisho kabisa. Nilianza na kisanduku. Kisha nikalegeza vibano vya pembeni, mpira uliokuwa umevutwa vizuri ukalegea na kuinuka kama nyoka anayesikiliza. Basi likaja. Kibano cha ndani kikang'oka na kunasa chini ya bodi lake, na nikaona mpira A, mpira B na kisanduku chenye takwimu za wiki tatu vikiondoka kuelekea mjini, vinadunda.

Nikakimbia. Kizibao cha kung'aa, nyundo mkononi, katikati ya njia ya mabasi. Kushoto kwangu magari yote yamesimama, nayapita moja baada ya jingine. Kwenye gari la kumi na mbili hivi kioo kikashuka. Bosi.

"Mhandisi! Unakimbilia wapi?"

"Takwimu, bosi!"

Kisanduku nilikipata kwenye kituo cha tatu, kimepasuka kona moja, kondakta amekikalia. Niliporudi kwa mzee, jasho linanitoka, alikuwa amekwishamaliza hesabu na kuniwekea boksi kando. Chini ya vijiti 38 vya mabasi alikuwa ameongeza mstari mwingine, wenye kijiti kimoja, na pembeni yake ameandika kwa mkaa: *Mhandisi.*