Mzee, Gari Bovu

Leo asubuhi, saa moja na nusu, chai sijaifikisha hata nusu kikombe, nasikia geti linagongwa na kitu cha chuma. Kwa baridi hii ya Mbeya ya mwezi wa saba, mwenye akili zake hatoki nje kabla jua halijajitambulisha. Mimi nikatoka. Nakuta vijana wawili wa vyuma chakavu, mkokoteni, na mizani. Mkubwa wao akaniamkia kwa adabu zote: "Shikamoo mzee." Marahaba. Kisha akapita ubavuni kwangu kama vile mimi ndiye nguzo ya geti, akaenda moja kwa moja kwenye kibanda, akainua turubai, akamwambia mwenzake, "Hili tukilikata vipande vinne linabebeka."

Vipande vinne! Gari la michezo la Kiingereza, MGB, la mwaka 1965, siti mbili, limeundwa Abingdon na watu ambao nina hakika chai yao waliinywa kwenye kikombe chenye kisosi. Nikamweleza kijana, kwa utulivu wa mtu aliyetumikia serikali mpaka akastaafu, kwamba hicho anachokishika si chuma chakavu, ni historia. Akaligonga kwa kidole, likadondosha unga mwekundu. "Historia imeliwa sana na kutu, mzee," akasema. "Kilo zitapungua."

Nimewafukuza. Lakini chai ilikuwa imeshapoa, na ninyi mnajua chai ya kupasha ilivyo.

Gari lenyewe nimelirithi. Baba mdogo alikuwa karani kwenye shamba la kahawa la mzungu huko Mbozi. Mzungu akaondoka, akamwambia nitunzie gari, nitarudi. Baba mdogo akalifunika magunia ya kahawa, kahawa ilipoanguka bei akalifunika magunia ya mahindi, na juu ya magunia wakalala kuku, vizazi kwa vizazi. Mzungu hakurudi. Siku ya kugawana mirathi wenzangu walidaka ng'ombe, mashamba, na bati za nyumba ya uani. Mimi, kwa heshima na taadhima, nikaomba kile kilichokuwa stoo. Ukoo mzima ulicheka, na shangazi yangu, ambaye alikuwa analia tangu juzi yake, akaacha kulia ili acheke vizuri.

Tangu lishushwe hapa kutoka kwenye Fuso, mtaa una jina jipya kwangu. MG kirefu chake ni Morris Garages, nimewaeleza vijana wa bodaboda pale kona mara nne. Wao wamekubaliana kwamba MGB ni "Mzee, Gari Bovu". Nikipita wanasimama, wananiamkia vizuri, halafu mmoja anauliza, "MGB anaendeleaje?" Sijui kama anauliza gari au mimi.

Fundi wa bodi alikuja, akachungulia sakafu, akaona majani yamechungulia kutoka upande wa pili, akaniaga. Wa tairi naye alipigana na rimu za spoki saa nzima. Zile rimu zinafungwa na nati moja kubwa ya katikati inayogongwa kwa nyundo, na ya upande wa kushoto inafunguka kinyume na ya kulia. Yeye alikuwa upande ambao si wake, kwa hiyo saa nzima alikuwa anaikaza. Nati nyingine zote ni za inchi. Spana 14 haiingii, 15 inacheza, na aliyeniuzia seti nzima ya spana Mwanjelwa anasema mali ikishatoka dukani hairudi.

Lakini fundi umeme! Ngoja niwaambieni habari za fundi umeme.

Alikuja Jumamosi moja, na begi, na mwanafunzi wake wa kumbebea begi. Akafungua boneti. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akajikuna. "Mzee wangu, pole sana. Betri wameiba."

Nikamwambia betri haikai humo. Akacheka kile kicheko ambacho mafundi wanawacheka wenye magari. Akatafuta kwenye buti. Akatafuta chini ya gari, akatoka na buibui. Mwisho nikamwonyesha nyuma ya siti, chini ya sakafu, pana vishimo viwili vitupu, na kila kishimo ni cha betri yake ya volti sita. Mbili zinaunganishwa kupata kumi na mbili. Fundi alikaa kimya. Mwanafunzi akauliza, "Kwa nini wasingeweka moja tu?" Swali zuri. Akanyamazishwa.

Betri za volti sita za ukubwa ule zitafute wewe. Fundi akaleta yake moja ya volti kumi na mbili, ya ukubwa wa kreti la soda, isiyoingia kwenye kishimo chochote. Akaikalisha kwenye siti ya abiria, akaifunga na mpira wa tyubu kifuani. Ilikaa pale imenyooka kama shemeji anayepelekwa kliniki.

Hapo ndipo mgogoro ulipoanza. Ndani ya dashibodi nilikuwa nimekikuta kitabu cha gari. Panya wamekila, lakini kwa uadilifu wa ajabu wakaacha ukurasa wa umeme, na ukurasa unasema wazi: gari hili ni positive earth. Maana yake, ule waya wa chanya ndio unaofungwa kwenye bodi, na hasi ndiyo inayokwenda kwenye stata na vifaa vingine. Kinyume cha magari yote ambayo mimi na wewe tumeyasukuma maishani. Hata wenyewe Waingereza waligeuza MGB mwaka 1967, wakaweka altaneta na hasi kwenye bodi. La kwangu ni la kabla ya toba hiyo.

Fundi akasema haiwezekani.

Nikamwonyesha ukurasa. Akasema kiingereza hicho ni cha zamani. Tukamwita jirani, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, awe msuluhishi. Mwalimu akavaa miwani, akasoma, akavua miwani, akatazama mlima Loleza kama anayetafuta mwongozo, akasema: "Tafsiri ya moja kwa moja ni dunia yenye mtazamo mzuri."

"Umesikia mzee?" fundi akasema. "Ni mawaidha tu hayo, ya kumpa dereva moyo."

Nikamwambia sivyo. Akaweka mkono kifuani. "Mzee wangu, mimi nimetengeneza Noah, nimetengeneza Coaster, nimetengeneza Fuso linalokwenda mpaka Tunduma na kurudi. Chanya kwenye bodi? Utawaunguza watoto. Umeme hauna Uzungu wala Uswahili, umeme ni umeme." Watu walikuwa wameshajaa ukutani, na walimpigia makofi. Mimi nilikuwa na ukurasa ulioliwa na panya. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Nikafanya ambacho ungefanya wewe. Nikanyamaza.

Akafunga hasi kwenye bodi. Akamimina petroli kidogo kutoka kwenye chupa ya maji moja kwa moja kwenye kabureta, zile mbili, akaniambia nipige.

Ndugu zangu, liliwaka.

Sitaki kusema uongo, niliona ukungu machoni, na si wa Mbeya. Gari lililolala chini ya mahindi lilikohoa, likatoa bawa la kuku kwenye bomba, likaanza kunguruma. Akina mama walipiga vigelegele. Bodaboda walipiga honi. Mama watoto, ambaye hajazungumza nami vizuri tangu mirathi, alitoka jikoni na mwiko mkononi, akatabasamu. Fundi alizunguka gari mikono kiunoni. "Si unaona? Dunia yenye mtazamo mzuri!" Nikaweka mguu kwenye moto ili wasikie vizuri, maana mngurumo wa injini ya sentimita za ujazo 1798 haufai kufichwa.

Sasa, kumbe taa haijali chanya iko wapi, na stata haijali. Anayejali ni dainamo. Dainamo ina kumbukumbu. Yenyewe ilikuwa inazalisha umeme kama ilivyofundishwa Uingereza, na betri ya fundi ikasimama kinyume chake, na injini ilivyopandisha mzunguko, kile kisanduku kidogo cha kuwakutanisha kikawakutanisha. Ulitoka moshi. Kwanza mweupe, wa heshima, halafu wa bluu, halafu harufu ya sufuria ya plastiki iliyosahaulika kwenye mkaa. Ukuta ulibaki mtupu kwa sekunde nne. Fundi ndiye aliyekuwa mbele. Mwanafunzi wake peke yake ndiye aliyerudi, akang'oa waya kwa mwiko aliomnyang'anya mke wangu, na yule mtoto akija kutafuta kazi kwangu leo nampa.

Jioni fundi alirudi kuchukua betri, na hela ya ufundi. Ndiyo, ya ufundi! "Si liliwaka, mzee?" Nimempa nusu. Akasema ndaga fijo, akaniachia ushauri kwamba kisanduku kile nikitafute kwa watu wa spea za Fuso.

Mama watoto amerudi kwenye lile swali lake. Gari la watu wawili, tuna watoto watano: watoto wanakaa wapi? Sina jibu. Nimemwambia linafunguka juu, tutapata hewa. Akasema kwa mvua za Tukuyu, hewa hatujakosa.

Na hata hivyo kwa sasa hakuna kazi inayoendelea, maana tetea wake ameingia gari, akataga mayai kumi na moja kwenye kile kishimo cha betri cha upande wa kulia, na ameanza kuatamia. Nimekatazwa kufungua mlango. Leo ni siku ya kumi na tatu. Kinachoniudhi zaidi ni mwalimu, ambaye kafanya hesabu kwamba jogoo ni wake, kwa hiyo vifaranga tugawane nusu kwa nusu. Kumi na moja utagawaje nusu? Nimemwuliza. Akavaa miwani.